Kukomboa Pointi za Safari: Historia ya Mali Iliyo Mikononi mwa Mwingine

Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye hupenda kusoma magazeti ya Kenya ili azoee Kiswahili cha nchi jirani, aliniletea swali lililonichekesha kwanza, kisha likaninyamazisha. Alikuwa amekutana na tangazo lenye maneno "komboa pointi zako". Akaniuliza, "Mwalimu, watumwa hukombolewa, na nchi hukombolewa. Hizi pointi zimetekwa na nani?"

Nilimjibu kwamba kitenzi hicho kina maana nyingine iliyozoeleka. Mtu akiweka mkufu wake rehani, siku anapolipa deni huenda kuukomboa. Mkufu ni wake, lakini umo ndani ya sanduku la mkopeshaji, na ufunguo wa sanduku hauko mfukoni mwake. Kadiri nilivyoendelea kueleza ndivyo nilivyotambua kwamba kijana hakuwa amekosea sana. Pointi za safari nazo ni mali ya mtu iliyohifadhiwa na mwingine, na huyo mwingine ndiye anayepanga masharti ya kuitoa. Makala haya ni jibu refu la swali lake.

Pointi za safari ni zawadi ambayo shirika la ndege, hoteli au benki humwandikia mteja kila anaponunua huduma. Akifikisha idadi fulani huzibadilisha kwa kiti cha ndege, chumba cha kulala au bidhaa. Wapo wanaoziita alama, na wapo wanaoziita maili. Msidanganywe na neno hilo la mwisho. Maili hapa si kipimo cha njia, ingawa ndivyo mambo yalivyoanza.

Wazo lenyewe halikuzaliwa angani. Mwaka 1896, nchini Marekani, kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuwauzia wenye maduka stempu ndogo, nao wakawagawia wateja kwa kadiri ya manunuzi yao. Mteja alizibandika katika kijitabu, na kijitabu kilipojaa alikwenda kukibadilisha kwa sufuria au taa. Mwenye duka alipata mteja anayerudi, mteja alipata sufuria, na kampuni ilinufaika na kila stempu iliyopotea nyuma ya kabati. Kumbukeni stempu hizo zilizopotea, maana tutakutana nazo tena.

Hadi mwaka 1978 nauli za ndege ndani ya Marekani zilisimamiwa na serikali, hivyo mashirika hayakuwa na nafasi kubwa ya kunyang'anyana abiria kwa bei. Oktoba mwaka huo Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoulegeza usimamizi huo, na ushindani ukafumuka. Mwaka 1979 shirika dogo la Texas International Airlines lilianzisha mpango wa kuwazawadia abiria kwa maili walizosafiri. Hata hivyo, mpango uliogeuza biashara yote ni ule wa American Airlines, ulioitwa AAdvantage, uliozinduliwa tarehe 1 Mei 1981. Waanzilishi wake waliingia katika mfumo wao wa kompyuta wa kuwekea nafasi, wakatafuta namba za simu zilizojirudia mara nyingi. Wenye namba hizo ndio waliokuwa wasafiri wa kila mara, na hao ndio waliolengwa. Haikupita hata wiki kamili, shirika la United likatangaza mpango wake.

Katika miaka ile hesabu ilikuwa nyepesi, na mtu yeyote angeweza kuifanya. Ulisafiri maili elfu moja, ukaandikiwa maili elfu moja. Jedwali lililochapishwa lilikuonyesha idadi inayohitajika ili upate kiti cha kwenda mahali fulani. Idadi hiyo haikubadilika kwa sababu ya msimu wala kwa sababu ndege inakaribia kujaa. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya thamani. Nauli ya fedha ilipanda wakati wa sikukuu na kushuka wakati wa mvua, lakini bei ya pointi ilibaki palepale. Msafiri mwenye akili alilipa fedha taslimu nauli ilipokuwa ndogo, akazitunza pointi kwa ajili ya siku ambayo tiketi ingemtoa jasho. Kikwazo kilikuwa uchache wa viti, kwa kuwa shirika lilitenga vichache kwa wenye pointi, na aliyechelewa alikuta vimekwisha.

Kisha pointi zikaanza kuzagaa. Mwaka 1987 American Airlines na benki ya Citibank walitoa kadi ya mkopo iliyompa mtu maili kwa kununua chochote, hata mkate. Mwaka uliofuata Delta ilitangaza kuwapa abiria maili mara tatu ya zile walizosafiri, na wapinzani wake wakaiga. Wanafunzi wa uchumi watatambua mara moja kilichofuata, kwa sababu fedha zikichapishwa kupita kiasi hununua vitu vichache zaidi. Viti vya ndege havikuongezeka kwa kasi ya pointi, basi ikawa lazima bei ya kiti kwa pointi ipande. Imekuwa ikipanda tangu wakati huo, mara kwa tangazo, mara kimyakimya.

Turudi sasa kwenye anga yetu, kwani huku mambo yalikuwa na mwendo wake. Wakati Wamarekani wakivumbua maili, sisi Afrika Mashariki tulikuwa ndiyo kwanza tumegawana vyombo baada ya talaka. Shirika la East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946 na kuzihudumia Kenya, Uganda na Tanzania, lilivunjika mapema mwaka 1977, mwaka uleule ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Kenya Airways ikaundwa Januari, Air Tanzania ikaundwa Machi, na Uganda ilikuwa imekwisha kuanzisha shirika lake mwaka 1976. Shirika changa linalotafuta ndege za kurusha halina nafasi ya kuwaza zawadi za abiria.

Mabadiliko ya jirani yetu yalikuja miaka ya tisini. Mwaka 1996 serikali ya Kenya iliuza sehemu kubwa ya hisa za Kenya Airways, na KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26. Pamoja na hisa hizo uliingia utaratibu wa kibiashara wa Kizungu. Air France na KLM zilipoungana mwaka 2004, mwaka mmoja baadaye zilianzisha mpango wa pamoja wa zawadi uitwao Flying Blue, na abiria wa Kenya Airways wakawa miongoni mwa waliohesabiwa humo. Kwa miaka mingi, basi, Mkenya aliyepanda ndege kutoka Nairobi kwenda Kisumu aliandikiwa maili katika daftari lililosimamiwa Ulaya. Silaumu. Daftari hilo lilimfungulia milango ambayo shirika moja la Kiafrika lisingeweza kumfungulia, hasa baada ya Kenya Airways kuwa mwanachama kamili wa muungano wa SkyTeam mwezi Juni 2010. Lakini maamuzi juu ya thamani ya maili zake hayakufanywa Embakasi.

Hilo lilidhihirika mwaka 2018. Kuanzia mwezi Aprili, Flying Blue iliacha kuhesabu umbali kwa safari za Air France na KLM, ikaanza kuhesabu fedha ambazo abiria amelipa. Mwezi Juni, jedwali la bei zisizobadilika likaondolewa kwa safari za mashirika hayo mawili. Tangu hapo idadi ya maili inayotakiwa kwa kiti hupanda na kushuka kwa kufuata soko, karibu kama nauli yenyewe. Delta ilikuwa imeondoa majedwali yake tangu 2015, na United ikafuata mwaka 2019. Ule mwanya wa kale, wa kulipa bei ileile kwa kiti cha Desemba na kiti cha Mei, ukazibwa kwa sehemu kubwa. Neno maili likabaki kama ganda la konokono ambalo mwenyewe amekwisha kuhama.

Je, msafiri wa leo atajuaje kama anapata thamani au anapunjwa? Hesabu ni moja tu, na nashangaa jinsi watu wasomi wanavyoikwepa. Chukua nauli ambayo ungelipa kwa fedha. Toa kodi na tozo ambazo utatakiwa kuzilipa hata ukitumia pointi. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya pointi unazoombwa. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, tiketi ya kwenda Ulaya ni shilingi za Kenya 90,000, na ukitumia pointi utatoa pointi 40,000 pamoja na tozo za shilingi 30,000. Umeokoa shilingi 60,000, kwa hiyo kila pointi imekufanyia kazi ya shilingi moja na nusu. Tuseme tena kwamba tiketi ya Nairobi kwenda Mombasa ni shilingi 12,000, na unaombwa pointi 10,000 na tozo za shilingi 2,000. Hapo kila pointi ni shilingi moja. Kisha uone birika la umeme la shilingi 3,000 linalouzwa kwa pointi 10,000. Hilo limekupa senti 30 kwa pointi, hata kama limefungwa utepe.

Tazameni tozo kwa makini zaidi ya kitu kingine chochote. Baadhi ya mashirika huongeza juu ya kodi halisi malipo yanayoitwa tozo ya mafuta, na malipo hayo yanaweza kumeza nusu ya faida. Tiketi inayoitwa ya bure huku ikikudai theluthi ya nauli haistahili jina hilo, na sisi walimu wa lugha tuna wajibu wa kusema hivyo.

Nafasi nzuri zilizobaki hupatikana zaidi kwa washirika. Shirika linaweza kupandisha bei ya viti vyake kila siku, lakini mara nyingi kwa viti vya shirika jingine bado hufuata jedwali. Ndiyo maana ni muhimu kujua nani ni ndugu wa nani angani. Ethiopian Airlines iliingia Star Alliance mwezi Desemba 2011, kwa hiyo pointi za ShebaMiles zinaweza kukupeleka kwenye ndege za Lufthansa au United. Kenya Airways iko SkyTeam. RwandAir haimo katika muungano wowote mkubwa, ingawa ina mpango wake. Mtu wa Arusha au Mwanza anayegawa safari zake nusu huku na nusu kule anaweza kusafiri miaka kumi bila kufikisha kiti kimoja popote. Wazee walisema mtaka yote hukosa yote, na sidhani kama walikuwa wakizifikiria ndege.

Katika miaka ya karibuni Kenya Airways imeanzisha mpango wake yenyewe na kuuita Asante Rewards. Jina hilo ni nusu letu na nusu lao, lakini limenifurahisha, kwa sababu ya kampuni kubwa kuamini kwamba asante inaeleweka bila tafsiri. Wakenya walikwisha kuonyesha njia hiyo walipozipa pointi za simu za Safaricom, zilizoanza mwaka 2007, jina la Bonga. Kubonga, katika Sheng, ni kuzungumza. Mtu alizungumza kwa simu, akaandikiwa pointi, naye akazibadilisha kwa muda wa maongezi au hata simu mpya.

Nazitaja pointi za Bonga kwa sababu ndizo zilizowafundisha Wakenya wengi, wakiwamo wasiowahi kupanda ndege, somo la stempu za nyuma ya kabati. Watu walizilimbikiza kwa miaka. Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zitaanza kufutwa. Kelele zilizuka, na si bure, maana wengi walikuwa wamezichukulia kama akiba. Kwa upande wa kampuni, pointi ambazo hazijatumika ni deni linaloandikwa katika vitabu vya hesabu. Kila pointi inayokufa bila kutumika hulifuta deni hilo pasipo kulipwa. Ukizijua pande zote mbili za daftari utaelewa kwa nini tarehe ya mwisho huandikwa kwa herufi ndogo.

Na msidhani kwamba hii ni biashara ya pembeni. Ugonjwa wa Uviko-19 uliposimamisha safari mwaka 2020, United ilikopa mabilioni ya dola kwa kuweka rehani mpango wake wa maili. Kampuni yenyewe iliukadiria mpango huo kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, kiasi kilichozidi thamani ya hisa zake zote sokoni wakati ule. Kwa maneno mengine, daftari la ahadi lilikadiriwa kuwa na thamani kuliko shirika zima lenye ndege, marubani na karakana. Mwanafunzi wangu aliyeuliza pointi zimetekwa na nani angelifurahia jambo hili, kwamba rehani nayo imewekwa rehani.

Blogu hii ni ya elimu ya uraia, kwa hiyo sina budi kugusa upande mwingine wa thamani, yaani thamani kwa nani. Tiketi ikinunuliwa kwa fedha za umma, pointi zake ni za nani? Ujerumani ililijibu swali hilo kwa kishindo mwaka 2002. Gazeti la Bild lilifichua kwamba baadhi ya wanasiasa walizitumia katika safari za binafsi maili walizozipata walipokuwa wakisafiri kikazi kama wabunge, kinyume na kanuni za Bunge. Cem Özdemir wa chama cha Kijani alijiuzulu nafasi yake ya usemaji mwezi Julai. Siku chache baadaye Gregor Gysi alijiuzulu kama waziri wa uchumi wa jimbo la Berlin. Watu wawili mashuhuri wakaanguka kwa sababu ya kitu ambacho wengi wetu hatukioni kuwa ni mali. Marekani, miezi michache tu kabla yake, ilikuwa imechagua njia tofauti kabisa. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili za safari za kikazi kama zao binafsi.

Nchi hizo mbili za kidemokrasia zilitoa majibu mawili yasiyofanana. Mimi naegemea jibu la Wajerumani. Semina zinazowapeleka maofisa wetu Nairobi, Addis Ababa na Geneva hulipiwa na mkulima wa Songea na mfanyabiashara wa Eldoret. Ikiwa safari kumi za ofisa zinatosha kuzaa ya kumi na moja, ningependa ya kumi na moja impeleke muuguzi kwenye mafunzo. Wanaopinga husema kwamba gharama ya kuzifuatilia pointi hizo ingezidi faida yake, na kwamba ofisa anayelala viwanja vya ndege anastahili kifuta jasho. Hoja hiyo ina uzito. Jadilianeni darasani, na atakayeandika insha asisahau kueleza nani alilipa nauli.

Nimebakiza jambo la nyumbani. Mjomba wangu ni mfanyabiashara wa Kariakoo, na kwa miaka mingi alisafiri kwenda Guangzhou kununua mizigo. Alikuwa akitumia shirika moja ambalo sitalitaja. Alifikisha pointi 52,000, wakati ambapo tiketi ya kumrudisha nyumbani binti yake aliyekuwa akisoma Kuala Lumpur ilihitaji pointi 45,000. Shangazi alimsihi akomboe mara moja. Yeye alitaka kusubiri hadi zitimie 90,000, ili siku ya mahafali ampeleke na bibi akamwone mjukuu wake amevaa joho. Aliziweka kama mtu anavyoweka mahindi ghalani.

Alipokwenda kuuliza, miaka miwili na ushei baadaye, tiketi moja ilikuwa pointi 70,000. Katika muda huo biashara ilikuwa imeyumba na safari zake zimepungua, na sehemu ya pointi za zamani ilikuwa imefutwa kwa kupitwa na muda. Zilibaki 38,000. Barua ya kumtahadharisha ilitumwa kwa anwani ya baruapepe ambayo alikuwa ameiacha zamani. Mahafali yalipofika, binamu yangu alipiga picha na wazazi wa rafiki yake, na bibi akaiona picha hiyo katika simu.

Pointi zilizobaki mjomba alizibadilisha kwa sanduku la safari, la rangi ya buluu, lenye magurudumu manne. Mpaka leo limesimama sebuleni kwake Magomeni, karibu na friji, na kijikaratasi cha bei hakijatolewa.